Jasho Lisilo na Tajiri

Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, au nusu ya hizo ikiwa mazoezi yenyewe ni ya kutweta. Ushauri huo ulitolewa upya mwaka 2020, na ni ushauri mzuri. Lakini mpelekee mchimbaji wa dhahabu wa Omate, kule msituni Walikale, Kivu ya Kaskazini, umwone atakavyokutazama. Dakika 150 atakuwa amezimaliza Jumatatu kabla jua halijafika utosini: ameteremka shimoni, amepiga sululu, amepandisha mchanga kwa mfuko begani, ameufikisha majini unakooshwa. Jumanne anaanza upya. Kwa hesabu za Geneva, huyo ni mwanariadha.

Na bado jioni, ikipatikana nafasi na wenzake wakitimia, anacheza mpira.

Hilo ndilo linalonishughulisha. Mkazi wa mjini tunamwelewa anapotafuta mazoezi. Ameshinda kitini, mgongo unamuuma, daktari amemtisha na habari za sukari na presha, basi analipia ukumbi wa mazoezi na kununua raba za bei ambayo hataki mkewe aijue. Aliyeshinda akibeba mawe anatafuta nini tena katika kukimbia? Kama mazoezi ni dawa ya mwili uliokaa, mwili usiojua kukaa haukuihitaji dawa hiyo. Tungetarajia alale. Wapo wanaolala kweli, na wapo wanaoishia kwenye kasiksi, pombe ya ndizi. Lakini mpira uko kila mahali, Walikale na Masisi ya jirani: kwenye viwanja vya parokia na vya shule, pembeni ya machimbo, katikati ya vibanda vya watu waliokimbia vita. Wanaoucheza si watu waliokosa kazi ya kufanya kwa mikono.

Mwaka 2018 jarida la Lancet Global Health lilichapisha ulinganisho wa nchi 168 kuhusu watu wazima wasiofikisha kiwango kile cha harakati. Kuwait ilikuwa na asilimia 67 ya wasiofikisha. Uganda na Msumbiji zilikuwa na asilimia 6 hivi, na hakuna nchi iliyozishinda. Nakumbuka takwimu hizo zilivyopokewa kwa fahari katika Afrika Mashariki: tazameni, sisi ndio tulio fiti duniani. Nilifurahi nami, ila si kwa muda mrefu. Anayekwenda mtoni na dumu la lita 20 mara tatu kwa siku amehesabiwa pamoja na anayekimbia ufukweni kwa raha zake, kana kwamba miili yao imepata kitu kimoja.

Haijapata. Wachunguzi wa Ulaya, Andreas Holtermann wa Denmark akiwa mmoja wa walioliandika sana jambo hili, wamelizungumza kwa miaka kadhaa: harakati za mwili wakati wa mapumziko huulinda moyo, lakini harakati nzito za kazini mara nyingi hazionekani kuulinda. Mwaka 2018 jarida la tiba ya michezo la Uingereza lilitoa majumuisho ya tafiti zilizohusisha watu zaidi ya 193,000. Wanaume wa kazi nzito walikuwa na hatari ya kufa mapema iliyozidi kwa asilimia 18 ile ya wenzao wa kazi nyepesi. Maelezo yanayotolewa ni ya kueleweka bila kupitia chuo. Kubeba na kuinua hupandisha presha na kuishikilia juu. Mapigo ya moyo hayashuki kwa saa nyingi, kisha usiku ni mfupi. Anayefanya kazi hachagui lini apumzike, na mgongo wake hurudia pindo lile lile hadi lije kumlipiza. Wapo wanaobisha, na hoja yao ina uzito: huenda kinachoua si kazi bali ni umaskini unaofuatana nayo, pamoja na moshi, chakula kisichotosha na hospitali iliyo mbali. Norway, kwa mfano, utafiti mkubwa haukuiona hatari hiyo. Mimi si mtaalamu wa moyo na sina haja ya kuwaamulia. Kinachonitosha ni kwamba pande zote mbili zinakubaliana juu ya jambo moja, kuwa jasho peke yake halitoi afya. Lazima kwanza tuulize jasho hilo ni la nani.

Na jasho la Omate lina wenyewe wengi. Yupo mwenye shimo, ambaye katika machimbo ya Kongo huitwa PDG, herufi zile zile za mkurugenzi mkuu wa kampuni ya Kifaransa. Huyo ndiye anayewalisha wachimbaji kwa mkopo hadi mwamba utakapotoa kitu, na kitu kikitoka wanaanza kwa kulipa walichokula. Yupo mnunuzi mwenye mizani. Wapo wenye silaha. Kundi la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, katika ripoti yao ya mwaka 2010, waliitaja Omate wakieleza namna wanajeshi walivyojiingiza katika ugomvi wa biashara ya mgodi ule. Halafu kuna njia yenyewe. Mwaka 2017 taasisi ya Ubelgiji iitwayo IPIS ilihesabu vizuizi vya barabarani 798 katika Kivu mbili, vya serikali na vya makundi ya msituni, vingi vikimtoza mpita njia kwa sababu tu anapita. Mama mwenye kapu la mihogo analipa. Kijana mwenye mfuko wa mchanga analipa.

Palepale Walikale kuna Bisie, ambako mawe ya bati yaligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kabla kampuni ya madini haijafungua barabara, mzigo wote ulitoka msituni migongoni mwa watu: gunia la kilo 50, njia ya matope ya kilomita zaidi ya 40, siku mbili za kutembea. Ukizitazama picha za wale wabebaji, unaona miguu ambayo kocha yeyote angeitamani. Lakini hakuna aliyekuwa akijenga miguu. Alikuwa akiimaliza.

Sasa mtoe mtu huyo kwenye mzigo, mpe mpira. Hata mapafu yake yanapumua kwa namna nyingine. Anakimbia anapotaka kukimbia na kusimama anapotaka kusimama, mikono kiunoni, akimtukana beki wake kwa sauti. Akichoka anaomba atolewe, na anatolewa. Kitu hicho kidogo, haki ya kusema nimechoka na ukaruhusiwa kutoka, hakipatikani shimoni. Na katika vizuizi vyote 798, hakuna kinachotoza goli.

Mjadala wa michezo ya bei nafuu kwa kawaida huanzia kwenye vifaa, na ni kweli mpira wa miguu hauna mpinzani kwa urahisi. Watoto wa Masisi hukusanya majani makavu ya mgomba na mifuko ya plastiki iliyookotwa, wakafinyanga duara na kulibana kwa kamba za mgomba, fundo juu ya fundo. Fundi mzuri hutoa mpira unaodunda kidogo. Fundi mbaya hutoa kitu kinachofumuka mechi ikiwa moto, na mchezo husimama hadi kifungwe tena. Goli ni mawe mawili au fimbo mbili. Jezi hazipo: timu moja inavua mashati, nyingine inabaki nayo. Wanaume wazima hutafuta mpira wa dukani kwa kuchanga, na zawadi ya mashindano ikiwa mbuzi, aliyeshindwa naye hakosi kipande cha nyama.

Sayansi nayo inawaunga mkono wacheza chandimu. Peter Krustrup na wenzake wa Denmark wametumia karibu miaka 20 kuchunguza watu wa kawaida, wengi wao wasiokuwa na mazoezi yoyote, wakicheza timu ndogondogo za watano kwa watano au saba kwa saba, mara mbili au tatu kwa wiki. Presha zilishuka, mifupa ikaimarika, moyo ukafanya kazi vizuri zaidi. Jambo lililowavutia ni kuwa wachezaji walijitaja kuwa wamechoka kidogo kuliko waliokuwa wakikimbia peke yao, ingawa mioyo yao ilikuwa imedunda kwa nguvu sawa au zaidi. Akili ilikuwa kwenye mpira. Hawakuwa na nafasi ya kujihurumia.

Kwa hiyo mpira ni rahisi. Kilicho ghali ni uwanja.

Anayeijua Masisi ameshanielewa. Ni nchi ya vilima juu ya vilima, majani mabichi yaliyokatwa na ng'ombe hadi yakalingana, na wageni hupenda kuiita Uswisi ya Afrika. Ukiitazama kutoka barabarani unaweza kudhani ni uwanja mmoja mkubwa uliokunjwa. Lakini angalia vizuri utauona waya. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya serikali, na katika miaka iliyofuata mashamba makubwa ya walowezi na maeneo ya vijiji yaligeuka malisho ya wakubwa wachache, wengi wao wakiishi mbali na ng'ombe wao. Mkulima akabaki na kipande cha mteremko kisichotosha maharage ya nyumba yake. Utamwambiaje mtu huyo atenge mita 90 kwa 45 kwa ajili ya vijana kukimbia?

Na pale palipo tambarare, kila mtu amepaona. Shule imepaona, parokia imepaona, jeshi limepaona kwa ajili ya hema na helikopta zimepaona kwa ajili ya kutua. Vita vikija kutoka upande mmoja wa kilima, familia zinazokimbia hufikia hapo hapo, kwa kuwa ndipo panapoweza kusimikwa vibanda bila kuporomoka, na kiwanja cha shule kinakuwa kambi kwa wiki moja, au kwa miaka. Hakuna mtu mwenye utu atakayedai goli lake mbele ya mama aliyetandika turubai kwenye eneo la penalti. Walikale mambo yalifika mbali zaidi. Pale Kilambo, kipande cha barabara ya lami kiligeuzwa uwanja wa ndege, na ndege ndogo zilitua juu ya lami ile kuchukua mawe ya Bisie kupeleka Goma. Hata barabara iliyonyooka, kumbe, ni tambarare ya kugombewa.

Goma yenyewe ina balaa lake. Januari 2002 volkano ya Nyiragongo iliteremsha moto hadi katikati ya mji, na Mei 2021 ikatema tena na kuishia karibu na viunga. Mji umejengwa juu ya mawe meusi yenye makali. Anayeanguka katika mechi ya mtaani huko hachubuki goti tu, anachanika. Ndiyo sababu, nadhani, wachezaji wengi wa Goma hawapendi kuteleza chini ili kunyang'anya mpira. Wanajifunza mapema kuusoma mguu wa mwenzao na kuuchukua mpira wakiwa wamesimama.

Uwanja hauishii kwenye ardhi. Unahitaji pia saa moja ambayo haina mwenyewe, na hapo ndipo wasichana wanapoachwa nyuma. Kaka anaporudi shuleni au shambani na kutupa jembe, siku yake imekwisha. Ya dada yake ndiyo kwanza inaanza: maji, kuni, sombe ya kutwanga, mdogo wa kubebwa. Wamama wanaotwanga mawe ya dhahabu machimboni, ambao mikono yao hufanya kazi ileile ya kinu tangu asubuhi, wanaporudi nyumbani hukuta kinu kingine kinawangoja. Halafu kuna njia ya kwenda uwanjani na ya kurudi, katika nchi ambako mwanamke kutembea peke yake jioni ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Tunaposema mchezo fulani hauna gharama, mara nyingi tunamaanisha kuwa hauna gharama kwa wavulana.

Ndiyo maana naupenda mchezo wa nzango, ambao wasichana wa Kongo zote mbili wameucheza uani na shuleni kabla mtu yeyote hajauandikia sheria. Wawili wanasimama uso kwa uso, wanaimba, wanapiga makofi, wanaruka, na mwisho wa kipande kila mmoja anautupa mguu mbele. Mmoja anashinda ikiwa miguu imelingana, mwingine ikiwa imepishana. Hauhitaji mpira wala nyavu, na eneo lake ni dogo kuliko ukumbi wa nyumba. Ruka hivyo dakika 10 ukiimba kwa sauti, ndipo utajua mapafu yako yalivyo. Kongo-Brazzaville waliuandikia kanuni, wakaunda timu, na Michezo ya Afrika ilipofanyika Brazzaville mwaka 2015, nzango ilikuwa miongoni mwa michezo ya maonyesho. Wanawake wazima wenye watoto waliingia uwanjani kucheza mchezo wa utotoni mwao mbele ya watazamaji. Faida yake kubwa kwa msichana wa kijijini, kwa maoni yangu, ni kwamba unaingia katika dakika tano za kungoja dumu lijae.

Wanyanga wa Walikale walikuwa wamelifikiria jambo la kazi na mchezo muda mrefu kabla ya madaktari wa Denmark. Utendi wao wa Mwindo, ambao Daniel Biebuyck aliurekodi mwaka 1956 kutoka kwa msimulizi Shekarisi Rureke na kuuchapisha mwaka 1969 pamoja na Kahombo Mateene, una safari ndefu ya kuzimu. Mwindo, yule aliyezaliwa akiwa anatembea, anamfukuzia baba yake aliyejaribu kumwua na sasa amekimbilia chini ya ardhi. Anafika kwa Muisa. Muisa anamwambia, baba yako utampata, ila kwanza nilimie: panda migomba, itunze, vuna, yote kwa siku moja. Mwindo anafanya. Anaongezewa kazi ya kurina asali. Anafanya. Ameitimiza kazi yote aliyopewa, na baba hapewi. Mzee amekwisha kutoroka.

Anaendelea hadi kwa Sheburungu, mungu mwenyewe. Huyu hamwambii alime. Anamwambia, njoo tucheze. Wanakaa kwenye wiki, mchezo wa mbegu, nao ni kamari (sitaki kudai kuwa ulikuwa mazoezi ya viungo). Mwindo anapoteza kila alichonacho, hadi anaweka rehani ule usinga wake wenye nguvu, na hapo bahati inageuka: anarudisha vyote, anashinda vya Sheburungu pia, na baba anakabidhiwa. Wataalamu wa fasihi wataisoma sehemu hii kwa namna zao. Mimi nikiisoma nikiwa na Omate kichwani, naona kuwa kazi ya Muisa haikumpa Mwindo alichokifuata, na mchezo ndio uliompa. Kwa bwana mwenye kutoa kazi hakuna mwisho, kwa kuwa yeye ndiye anayesema lini imetosha. Kwenye mchezo hata mungu anafungwa na kanuni.

Na Rureke mwenyewe hakuwa amekaa akihadithia. Aliimba, akacheza, akaigiza kila tendo la shujaa wake, siku baada ya siku, watu wa kijiji wakiitikia na kupiga ngoma. Ulikuwa utamaduni, ndiyo, lakini pia ulikuwa mwili wa mtu ukitoka jasho kwa hiari mbele ya jirani zake.

Watawala wanalijua jambo hili vizuri kuliko madaktari. Hakuna mchezo wa bei ndogo kuliko kukimbia kwa kundi, na katika miji yetu ya maziwa makuu, asubuhi ya Jumapili, utawasikia kabla ya kuwaona: mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, hatua zinalingana na kiitikio, na mzee aliyekuwa karibu kukata tamaa anabebwa na sauti za wenzake hadi mwisho wa barabara. Bujumbura ilikuwa na sifa ya mbio hizo. Rais wa Burundi wa wakati huo, Pierre Nkurunziza, mwenyewe alisomea elimu ya viungo na kuwa na timu yake ya mpira, Haleluya. Machi 2014 kundi la wafuasi wa chama cha upinzani cha MSD waliokuwa wakikimbia mitaani waligongana na polisi. Wanachama 21 walihukumiwa kifungo cha maisha, na kukimbia kwa makundi mitaani kukawekewa marufuku, pakaachwa viwanja vilivyotajwa na kwa ruhusa. Kigali walifanya kinyume: tangu mwaka 2016 serikali yenyewe hufunga barabara siku maalumu za Jumapili ili watu wakimbie na kuendesha baiskeli. Sioni kama mambo haya mawili yanapingana sana. Katika yote mawili serikali imekubali kuwa watu wengi wakikimbia kwa mdundo mmoja ni nguvu. Tofauti ni nani aliyeshika kamba.

Goma nayo imeyaona. Stade de l'Unité, uwanja wa mpira wa mji, ndipo waasi wa M23 walipowakusanya watu Februari 6, 2025, siku chache tu baada ya kuuteka mji. Masisi-kati ulikuwa umetekwa mwanzoni mwa Januari, na Machi zamu ikafika Walikale-kati, ingawa kule waliondoka baada ya wiki mbili hivi. Kila upande unaoingia hukimbilia uwanja kwanza, kwa kuwa ndipo umati unapotosha. Uwanja huohuo, siku nyingine, ni wa watu wanaozunguka kwenye ukingo wake wakikimbia, na wa mabondia.

Ndondi za Goma zina mtu wake, Balezi Bagunda, anayejulikana zaidi kwa jina la Kibomango. Alibebeshwa bunduki akiwa mtoto, akapoteza jicho moja, kisha akawa bondia na mwalimu wa vijana, wakiwemo waliotoka msituni kama yeye. Kongo imewahi kuwa mwenyeji wa ngumi ghali kuliko zote za zama zake: Oktoba 30, 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa, na kila mmoja aliahidiwa dola milioni 5, fahari ya Rais Mobutu. Vijana wa Goma wanafanya mazoezi kwa glovu za kupokezana. Kuruka kamba, kupiga hewa, kukimbia ngazi za jukwaa, kuinua wenzao mgongoni: haya yote ni bure. Aliyewahi kubebeshwa kichwani sanduku la risasi za kamanda sasa anambeba rafiki yake kwa mizunguko kadhaa, kisha anashuka na kubebwa yeye. Mzigo huenda ni wa uzani uleule.

Nimetaja uzani, nami siwezi kuiacha chukudu. Ile pikipiki ya mbao ya Kivu, isiyo na injini wala pedali, magurudumu ya mti yaliyovikwa kipande cha tairi kuukuu, hushuka kutoka vilimani ikiwa imesheheni makaa, viazi na kabichi kwa mamia ya kilo. Mwaka 2009 mji wa Goma uliisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara. Kuisukuma ikiwa imejaa kwenye mpando ni kazi inayozeesha. Lakini watoto huchonga zao ndogo, wanazikokota hadi juu ya kilima na kuziachia: goti moja kwenye ubao, mguu mwingine nyuma ukisukuma ardhi, upepo machoni. Wakifika chini wanazipandisha tena kwa mbio. Mtoto akifanya hivyo alasiri nzima, amepanda vilima vingi kuliko baba yake, na jioni ni yeye anayeomba aongezewe muda.

Sheria ya madini ya Kongo, tangu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018, inaitaka kampuni yenye kibali itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka. Bati la Bisie sasa linachimbwa kwa mitambo, kwa hiyo hesabu kama hiyo inapigika. Machimbo ya mikono hayana kampuni ya kudaiwa. Ningekuwa na kauli katika vikao vya kuamua matumizi ya fedha hizo, baada ya zahanati, maji na madarasa, ningeomba tingatinga kwa siku mbili: lisawazishe kipande kimoja, kipimwe, kiandikwe kwenye daftari la kijiji kuwa ni cha kuchezea, na kisiuzwe. Najua nitajibiwa kuwa kuna mambo ya haraka zaidi. Hujibiwa hivyo kila mwaka, na kila mwaka tambarare zinapungua.

Kwa sasa watu wanacheza kwenye mteremko. Sheria za mpira zinataja urefu wa uwanja, kati ya mita 90 na 120, na kimo cha goli, mita 2.44, lakini juu ya kilima hazina la kusema, basi wenyeji wamejitungia lao: mapumziko yakifika mnabadilishana, aliyecheza akipanda sasa atacheza akishuka. Haki tupu. Ugumu ni mvua ya alasiri, ambayo Masisi haichelewi, na inapoivunja mechi dakika ya 60 waliotangulia kucheza wakishuka wakiwa mbele kwa mabao mawili, wazee wa pande mbili huketi chini ya paa la baraza kuamua kama matokeo yasimame au mechi irudiwe. Waliotangulia kupanda hudai irudiwe, tena waanze wao kushuka. Waliotangulia kushuka huuliza kama mvua nayo waliileta wao.